Kongosho Halitibiwi kwa Dawa za Vidonda vya Tumbo

Tangu nilipoandika kuhusu kuvimba kwa kongosho, kiungo cha tumboni kinachosaidia kusaga chakula, maswali yamemiminika. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Chembe ya moyo inaniuma mwezi wa tatu sasa. Dawa za vidonda vya tumbo zinatuliza kidogo, kisha maumivu yanarudi. Nile nini ili kongosho lipone? (Mwanza)

Kaka, nani amekupima akakuambia ni kongosho? Na nani alikuambia mwanzo kwamba ni vidonda? Swali hili nalipokea kila mara na linaniumiza. Kwetu maumivu yoyote kati ya mbavu na kitovu yamekwisha kupewa jina la vidonda. Mtu anakwenda duka la dawa, anauziwa omeprazoli, na miezi inakatika.

Maumivu ya kongosho kwa kawaida hukaa juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni. Huzidi ukilala chali, hupungua kidogo ukiinama mbele, na kutapika hakuleti nafuu. Lakini mawe ya nyongo, na hata moyo, huweza kuuma kwa namna hiyo, ndiyo maana tunapima. Kuna kipimo cha damu kiitwacho lipesi: kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na maumivu ni ya aina hiyo, daktari ana pa kuanzia. Ugonjwa ukiwa wa muda mrefu lipesi huweza kuwa ya kawaida, hapo picha za tumbo ndizo husema. Kapimwe kwanza, chakula tutazungumza baadaye.

Na wote mnaosoma: maumivu makali ya ghafla, kutapika hata maji, macho ya njano, homa au kuhema haraka, usingoje kukuche. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dripu, dawa za maumivu na watu wa kumwangalia usiku kucha. Uji wa nyumbani hauwezi kazi hiyo.

Mume wangu ametoka hospitali baada ya siku sita. Amekatazwa mafuta, kwa hiyo nampa uji mweupe, ugali na mchicha wa kuchemsha tu. Anakonda. (Iringa)

Dada yangu, unamhudumia kwa upendo, lakini mumeo ana njaa. Kukatazwa mafuta si kukatazwa chakula. Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na mafuta ndiyo yanayolitwisha kazi nzito, kwa hiyo tunayapunguza huku mwili ukijengwa kwa vingine. Mpe samaki wa kuchemsha au wa kuchoma, kuku aliyetolewa ngozi, ute wa yai, maharage yaliyoiva hadi yakalainika, mtindi ulioondolewa mafuta. Viazi, ndizi za kupika na wali mwepesi usio na nazi vinafaa. Gawa chakula cha siku mara 5 au 6, kidogo kidogo.

Mafuta ya kupikia usiyamimine kutoka kwenye dumu, yapime. Kijiko kimoja cha chakula kina karibu gramu 14 za mafuta, na sufuria ya mboga ya nyumba nyingi hupata vijiko vinne bila mtu kujua. Karanga ni mafuta karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo mchicha wa karanga usubiri. Vivyo hivyo tui zito, chapati, maandazi na chipsi.

Mpime uzito kila wiki. Muulize pia, bila haya, kuhusu choo. Kikiwa kinang'aa kwa mafuta, kinaelea na kunuka kupita kawaida, chakula kinapita bila kusagwa. Ukiona hivyo usimzidishie mfungo, mrudishe kwa daktari, huenda anahitaji kapsuli za vimeng'enya. Na kama anavuta sigara, aache. Sigara huharibu kongosho hata kwa asiyekunywa pombe.

Nimeacha pombe kali. Bia mbili za Jumamosi zina shida? (Dar es Salaam)

Zina, kwa sababu kinachoumiza kongosho ni kilevi, si jina la pombe. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, wakati toti ya mililita 50 ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu 16. Mbege na ulanzi ni pombe pia. Ila aliyezoea kunywa kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani, anaweza kupata degedege. Aache kwa msaada wa daktari.

Manjano, mlonge, mwarobaini: kipi kinaosha kongosho? (wengi)

Hakuna. Kongosho halioshwi.

Nililazwa kwa kongosho, utrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Sasa sina maumivu. Jirani alikunywa mafuta ya zeituni na limao usiku, asubuhi akatoa mawe ya kijani. Nami nijaribu? (Tanga)

Tafadhali usijaribu. Yale ya kijani ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yenyewe. Ni laini, na jirani yako angepimwa tena, mawe yake yangekutwa pale pale. Kwako hatari ni kubwa zaidi. Mafuta mengi kwa mkupuo hukikamua kifuko cha nyongo, na kijiwe kidogo kinaweza kusukumwa hadi kwenye mlango ambao nyongo na kongosho hutumia pamoja. Pakiziba hapo, unarudi wodini, na safari hii pengine ukiwa mahututi.

Kutoumwa leo si kupona. Mtu aliyevimba kongosho kwa sababu ya mawe anapaswa kutolewa kifuko hicho, ikiwezekana kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Rudi ukaulize tarehe ya upasuaji, na ukiambiwa ungoje, uliza hadi lini. Unapongoja, kula mafuta kidogo, lakini usijishindishe njaa ili upungue haraka, kwa sababu hilo nalo huzalisha mawe.

Nina ugonjwa wa kongosho wa muda mrefu na natumia insulini. Kapsuli za vimeng'enya nameza saa moja kabla ya kula, sioni faida. Na Ramadhani nifunge? (Unguja)

Mzee wangu, saa moja kabla, zinafika kabla ya chakula. Meza na tonge la kwanza, na kama ni zaidi ya moja, nyingine katikati ya mlo. Usizitafune. Jambo ambalo ulipaswa kuambiwa mapema: kapsuli hizi hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Zungumza na daktari na sheikh wako, usiache kimya kimya.

Kuhusu saumu, muone daktari kabla ya mwezi kuandama. Kongosho lililoharibika hupoteza pia homoni ya kuinua sukari, kwa hiyo yako inaweza kushuka kwa kasi kuliko ya mgonjwa mwingine wa kisukari. Ukiruhusiwa, pima sukari mchana, kupima hakufunguzi. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), fungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika tano.