Farasi wa kukodi: maswali yenu wiki hii

*Binti yangu ana miaka 12 na anapanda vizuri. Tumezunguka Karen na Lang'ata tukitafuta farasi wa kukodi kwa mwaka mmoja. Kila tunayeonyeshwa ama ni moto wa kuotea mbali, ama ni mzee. Wazuri wako wapi? (Mama Neema, Lang'ata)*

Wapo, Mama Neema, ila hawatangazwi. Poni mpole anayeijua kazi yake hupitishwa kutoka familia moja hadi nyingine kabla hata mtoto wa kwanza hajamaliza kurefuka. Kwa hiyo ongea na walimu wa kupanda, na mfua viatu wa farasi, na zaidi ya wote masaisi, yaani watunza farasi. Saisi ndiye anayejua nani anahama nchi na mtoto wa nani anaenda chuo.

Hao wa moto yaelekea wametoka kwenye mbio za Ngong Road, ambako farasi wanashindana tangu 1954. Farasi wa mbio amefundishwa jambo moja tu: kwenda. Akipata mtu wa kumfunza upya kwa subira huwa farasi mzuri sana, lakini kazi hiyo si ya mtoto wa miaka 12. Na huyo mzee, hebu rudini mkamwone tena. Farasi wengi hufika miaka 25 na kupita. Wa miaka 18, mwenye miguu mizima, aliyekwisha kupishana na bodaboda na matatu za kila kelele, ndiye ningempandisha wangu.

*Nina kilo 95. Mwenye farasi amenikatalia, akisema mnyama wake ni mdogo. Ananidharau? (Baba Otis, Ruaka)*

Hapana, anampenda farasi wake. Kipimo wanachofuata wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 450, mwisho ni kilo 90, na wewe umeshapita hata kabla ya tandiko. Tafuta wa kilo 520 hivi.

*Nilipofika kumjaribu, nilimkuta ameshatandikwa na jasho limemlowesha. Nilipanda, akatulia kama maji ya mtungini. Nitie sahihi? (Kevo, Kikuyu)*

Usitie. Huenda mwenyewe alitaka tu kukurahisishia, lakini farasi aliyezungushwa saa nzima kabla hujafika hutulia hata kama kesho atakurusha uani. Rudi siku nyingine, na ukifika mapema kidogo kuliko mlivyopatana, hakuna dhambi. Mkute malishoni. Angalia anavyokamatwa, anavyofungwa, anavyopokea lijamu mdomoni, kama analaza masikio tandiko likikazwa. Mwenyewe apande kwanza; akitafuta kisingizio, umeshapata jibu.

Kisha lipia daktari wa mifugo wako mwenyewe, si wa mwenye farasi. Amwone akienda mchakamchaka kwa duara kwenye ardhi ngumu, kushoto na kulia, maana kuchechemea kunakojificha kwenye nyasi hutokea hapo. Achukue na damu. Dawa ya maumivu ikiwa mwilini, farasi mbovu hutembea kama mzima mpaka ikiisha nguvu. Gharama hii watu huikwepa kwa sababu "si ninakodi tu?" Lakini bili za mguu huo utazilipa wewe mwaka mzima, na farasi hutampanda.

*Nimepewa farasi bure, sharti nimlishe tu. Nataka kumweka kwenye ploti yangu Kitengela. (Mwalimu, Kitengela)*

Bure hiyo, Mwalimu, ina nyasi kavu za kila siku, viatu au kuchongwa kwato kila wiki sita hadi nane, dawa ya minyoo, meno na saisi. Lakini linalonitia wasiwasi ni Kitengela yenyewe. Punda milia hutoka mbugani kuja nyanda hizo, nao hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuonekana wagonjwa. Usubi huvihamisha, hasa kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na mvua ikinyesha usubi huongezeka. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi haponi. Uliza alichanjwa lini. Chanjo ni ya kila mwaka. Mwingize bandani kabla ya magharibi. Na usimweke peke yake: farasi ni mnyama wa kundi, upweke humharibu tabia. Mwenye farasi akubali kwa maandishi kwamba farasi anahamia kwako.

*Akifa mikononi mwangu, namlipa? (Bila jina, Westlands)*

Inategemea mlichoandika, na kama hamkuandika, mtakutana kwa mawakili. Andikeni thamani yake leo, nani analipa daktari usiku wa manane tumbo likimsokota, nani anaamua auawe bila maumivu akiwa hawezi kupona na mwenyewe hashiki simu, na ilani ya siku ngapi kabla ya kumrudisha. Ujumbe wa simu usiuhesabu kuwa mkataba, hata mkiwa marafiki.