Ukoko wa kichwani kwa mtoto: mafuta unayapaka, alafu unayatoa

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie nna mtoto wangu wa kwanza, wa kike, ana wiki saba. Tulivyomnyoa nywele za arobaini ndo nikaona ana utando wa njano kichwani, unanata, na pale utosini umeganda kabisa kama nta, nyuma ya masikio nako kuna vitu kama mba. Hajikuni, halii ovyo, ananyonya vizuri tu. Mama mkwe wangu (tunakaa nae, huku Tanga) anasema ni uchafu wa kuzaliwa, eti sikuwa namuosha kichwa sawasawa, na kila jioni anampaka mafuta ya nazi mengi alafu anamvika kofia ya sufi analala nayo mpaka asubuhi. Ukoko ndo kwanza unazidi. Jirani nae kaniambia nimkwangue na kucha akitoka kuoga, nikajaribu kidogo pakatoka kidamu, nikaishia kulia mie badala ya mtoto. Nifanyeje, na mama nimwambieje?
Mama wa Wiki Saba, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Futa machozi, hapo kwenye uchafu umesingiziwa.

Huo ni ukoko wa watoto wachanga, wengine wanauita mba ya watoto, na mara nyingi unaanza wiki ya tatu hivi mpaka miezi mitatu ya mwanzo, wakati ambao wewe ndo kwanza unajifunza kumbeba mtoto, ndo maana kila mama anaona kakosea yeye. Hauambukizi, hautokani na ulichokula, hautokani na maji ya kuogea, na mtoto mwenyewe wala hana habari nao. Wataalam wengi wanaona chanzo ni hivi: mtoto anatoka tumboni bado ana homoni za mama yake mwilini, zinachochea tezi za mafuta za kichwani zifanye kazi kupita kiasi, na kuna fangasi fulani wadogo ambao wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu, mie na wewe tunao, wanapenda sana hayo mafuta. Sasa ngozi kavu iliyotakiwa kupukutika yenyewe inakwama kwenye mafuta, inaganda tabaka juu ya tabaka. Na kunyoa hakukuleta kitu, ulikuwepo chini ya nywele siku zote ila hamkuuona.

Kwa hiyo ona basi, ukoko wenyewe ni mafuta na ngozi. Mama mkwe wako hajakosea kupaka mafuta, na nazi mie sina ugomvi nayo, kakosea kuyaacha. Yakipakwa leo, kesho juu yake mengine, keshokutwa tena, na kofia ya sufi juu kwenye joto la Tanga, huo ukoko unalishwa na kufunikwa shuka! Mafuta kazi yake ni kulainisha tu, kinachoutoa ni kuosha.

Fanya hivi. Kama nusu saa kabla ya kumuogesha, chukua mafuta kidogo, ya nazi au yale ya maji ya watoto au hata mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yapashe viganjani, mpake taratibu pale penye ukoko tu, sio kichwa kizima king'ae kama sufuria mpya. Ya zeituni na ya karanga yaache jikoni. Muache hivyo dakika kumi na tano mpaka ishirini, mnyonyeshe hapo hapo akiwa ametulia. Ukiona umelainika, chukua mswaki mpya wa mtoto wenye nywele laini sana, au kitambaa laini cha pamba, usugue kwa duara ndogo ndogo, mkono mwepesi kabisa kama unafuta vumbi kwenye kioo cha simu. Utaona magamba yananyanyuka pembeni, yale yaliyonyanyuka ndo yako, yaliyoshika muachie mwenyewe mpaka siku nyingine. Vinywele vikitoka nayo usishtuke, vitaota.

Alafu sasa ndo osha. Maji ya vuguvugu, yapime na kiwiko, mlaze mkononi kichwa kikiwa juu ya beseni, shampuu ya watoto tone moja ukubwa wa punje ya hindi, sugua na ncha za vidole (sio kucha!), suuza mpaka ukipitisha kidole hakitelezi. Hapo ndo wengi wanapoishia njiani, wanasuuza kwa haraka mafuta yanabaki. Rudia kila baada ya siku moja au mbili, ukiona unapungua punguza na wewe, mara mbili kwa wiki inatosha. Usitegemee uishe kwa siku moja, huo wa utosini unaweza kula wiki mbili tatu, na unaweza kurudi rudi kidogo mpaka umalizike wenyewe, wengi wanamaliza kabla ya kutimiza mwaka.

Na kuhusu utosi, najua kwanini pale ndo pameganda zaidi, kila mtu anaogopa kupagusa. Namie kwa mwanangu wa kwanza nilikuwa napaosha kwa kumwagia maji kwa mbali kama namwagilia mchicha. Pale pana utando mgumu chini ya ngozi, mkono mwepesi haupatoboi, paoshe kama sehemu nyingine. Usipabonyeze tu.

Kucha acha kabisa, damu uliyoiona ndo mlango wa vidonda na usaha. Usimpake ndimu, dawa ya meno, mafuta ya taa, zile dawa za kuchua zenye kafuri, wala shampuu ya mba ya baba yake, ngozi ya mtoto inanyonya vitu kirahisi. Na kwa vile watoto wetu ni weusi, ukoko ukishatoka unaweza kukuta mabaka meupe meupe yamebaki, hasa nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo. Sio kwamba umemuunguza, rangi inarudi taratibu yenyewe, usikimbilie krimu.

Kwa mama sasa. Usiende kumwambia umekosea, hata kama kichwa kinakuuma. Mwambie “Mama, nisaidie kumshika nimuoshe kichwa, naogopa utosi”. Mafuta apake yeye, tena kwa mikono yake ya kuzoea, wewe uoshe, magamba ayaone mwenyewe yakielea kwenye beseni. Yatamsemesha kuliko wewe. Kofia ya sufi mwombe iwe ya alfajiri na ya mvua tu.

Wiki ya kumi si unampeleka chanjo? Muonyeshe nesi kichwa siku hiyo. Usisubiri kama ukoko unatoa maji au usaha, unanuka, unavuja damu, umeshuka usoni au kwenye pampasi, au mtoto ameanza kujikuna na kukosa usingizi, maana hiyo yaweza kuwa pumu ya ngozi au kitu kingine. Akiwa anaharisha na uzito kwenye kadi haupandi pia mpeleke. Na joto likifika 38 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, hilo halina habari ya ukoko tena, ni hospitali siku hiyo hiyo hata iwe usiku.

SWALI: Shangazi habari. Mwanangu wa kiume ana miezi minne, ana ukoko kama wa watoto wengine, mama yake yuko kazini nikaenda mwenyewe duka la dawa wakanipa tyubu, wamesema inaua fangasi na kila kitu. Nimempaka siku mbili, kweli umepungua. Niendelee?
Baba Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Hongera baba kwa kwenda mwenyewe, ila hiyo “na kila kitu” ndo inanitisha. Chukua tyubu usome maandishi madogo ya pembeni, ukikuta neno linaloanza na beta- au clobeta- hiyo ina steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu wa ngozi), ndo maana umeona matokeo haraka, na ndo hiyo hiyo inayoipunguza ngozi ya mtoto unene na kuingia mwilini. Zipo krimu za fangasi na za steroidi hafifu ambazo dokta anaweza kumpa mtoto mwenye ukoko sugu, kwa siku alizomhesabia yeye. Kwa siku mbili hizo hajaharibika kitu, simamisha, nenda nae kituo cha afya na tyubu mkononi waione. Na jioni beba beseni, maelekezo yako hapo juu kwa mwenzio wa Tanga.