Dawa ya 2,4-D kwenye nyasi za nyumbani Ontario
Katika jimbo la Ontario, Kanada, hairuhusiwi kunyunyizia 2,4-D, dawa ya kuua magugu, kwenye nyasi za nyumbani kwa ajili tu ya kuondoa dandelioni, gugu lenye maua ya njano, hata kama chupa ilinunuliwa zamani, kwa kuwa marufuku ya viuatilifu vya kupendezesha bustani, iliyomo katika Kanuni ya Ontario 63/09, ilianza kutumika tarehe 22 Aprili 2009. Kilimo na misitu vimeachwa nje ya marufuku hiyo, viwanja vya gofu vimeruhusiwa kwa masharti, na vilevile dawa inaweza kutumika dhidi ya mimea inayomdhuru mtu akiigusa. Dandelioni haimo katika kundi hilo.

Kinachoruhusiwa ni dawa ya magugu yenye madini ya chuma, ambayo huunguza majani mapana na kuziacha nyasi zikiwa salama, ingawa mzizi mrefu wa dandelioni mara nyingi huchipua tena na kukulazimu kurudia.

Kwa maoni yangu, kazi yenye faida kubwa zaidi ni ya mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba: panda mbegu za nyasi kwenye mapengo wakati udongo ungali na joto na magugu ya kiangazi yanapungua nguvu, kisha ukate nyasi kwa kimo cha sentimita 6 hadi 8, maana nyasi ndefu huutia udongo kivuli na kuzinyima mbegu za magugu mwanga wa kuotea.