Miti ya Iten na kabati la prinsipo wetu

Swali lenu la wiki hii linauliza shule yako ya sekondari imewaenzi vipi wanamichezo na makocha waliopitia pale, na kama haijafanya kitu ungependa ifanye nini. Sehemu ya kwanza najibu haraka maana haina mambo mengi. Sisi tulikua na kabati. Kabati la kioo ofisini kwa prinsipo, limejaa vikombe, kimoja hakina mkono, na kile kikubwa kabisa wakati wetu kilikua kinawekwa chaki na biro nyekundu za kusahihishia. Kuliona hilo kabati lazima uitwe ofisini, na sisi tuliokua tunaitwa ofisini hatukua tunaitiwa kuangalia vikombe. Shule siitaji, bado iko, na kijana wangu wa pili anaweza kuitwa huko.

Sehemu ya pili ndio imenifanya nikae chini niandike. Mimi nauza raba za mitumba hapa Eldoret, zile za kukimbilia, kwa hivyo mambo ya riadha nayasikia kila siku kwa wateja hata nisipotaka. Lakini kitu cha kuenzi watu nilikiona vizuri Iten, ule mji wa wakimbiaji. Mtoto wa dada yangu alipata nafasi St. Patrick's, sekondari ya wavulana kule, ile siku ya wazazi mamake alikua kazini nikatumwa mimi na kuku wa kukaanga na chapati. Kutoka Eldoret si mbali, matatu inapita chini ya lile lango la kusema hapa ni nyumbani kwa mabingwa, unashuka, na ukitembea haraka kidogo unahema kama mzee, pale ni kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni ya kupimiwa.

Sasa mle ndani ya shule kuna miti. Miti ya kawaida tu, mtu angepita asishtuke, ila chini yake kuna vibao vya majina. Peter Rono. Matthew Birir. Wilson Kipketer. Shule ikipata bingwa anapandiwa mti, na mti unakua, na watoto wanapita pale wakienda daini na wakitoka. Nikamuuliza mpwa wangu huyu Rono unamjua, akaniangalia kama nimemuuliza jina la nyanyake, akasema anko huyo ni wa 1,500 Seoul. Kijana mwenyewe hakimbii, anapenda kompyuta. Ile ndio ilinimaliza, kwa sababu mimi nilikua kwa timu ya shule miaka mitatu na siwezi kukwambia jina hata moja kati ya yale yaliyoandikwa kwa vikombe vya ofisini.

Kwa wale wadogo ambao hawajui, Seoul ni Olimpiki ya 1988. Fainali ya mita 1,500, ndani kuna Peter Elliott na Steve Cram, wale Waingereza wa kuogopwa, na Rono ana miaka 21 yuko masomoni Marekani, hakuna anayemwangalia yeye. Akashika mbele katikati ya mbio na hawakumpita tena mpaka utepe, 3:35.96. Ilikua ni mwaka wa neema kwa Kenya, 800 alichukua Paul Ereng, 5,000 John Ngugi, kuruka viunzi na maji Julius Kariuki, na Wangila akapiga mtu ngumi akaleta dhahabu ya ndondi. Birir yeye ni Barcelona 1992, viunzi na maji, alijikwaa mapema kabisa kwenye mbio watu wakasema huyo basi, akarudi polepole akawapitia wote, wa pili Patrick Sang, wa tatu William Mutwol, Kenya ikafunga jukwaa lote. Patrick Sang ndio huyu huyu kocha wa Eliud Kipchoge wa marathoni.

Na kabla ya hao wote kulikua na Mike Boit, naye wa St. Patrick's, shaba ya 800 Munich 1972, halafu 1976 Afrika ikasusia Montreal na mtu akakaa nyumbani akiwa kwa ubora wake. Baadaye akawa profesa Kenyatta University. Yeye ananigusa kuliko wengine sijui kwa nini, labda kwa sababu mtu ukipoteza nafasi kwa kosa ambalo si lako hakuna kikombe unapewa.

Kuna mteja wangu Mtanzania, dereva wa trela, nikimweleza hii habari ya miti akaniuliza na Juma Ikangaa je, yule mkimbiaji wao wa marathoni. Akanibana kweli. Maana Ibrahim Hussein, ambaye ni kijana wa shule hio hio ya Iten na ndio Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, 1987, mwaka uliofuata alienda Boston akamshinda Ikangaa kwa sekunde moja. Moja! 2:08:43 kwa 2:08:44, baada ya kilomita 42. Mteja akasema sasa huyu wenu ni bingwa na huyu wetu ni wa pili, sekunde moja ndio inaamua nani akumbukwe? Nikamwambia Ikangaa alikuja kushinda New York 1989 kwa hivyo msilie, lakini ukweli nilikua sina jibu zuri, na bado sina. Mti ni mmoja, mshindi ni mmoja, na nyuma yake kuna darasa zima la watu waliokua wanamvuta kila asubuhi kwa baridi ile ndio awe na kasi ile.

Ndio naingia kwa makocha sasa, kwa sababu swali lenu limewataja na naona wasomaji wengi watawaruka. Pale St. Patrick's kuna Brother Colm O'Connell. Alitoka Ireland 1976 kuja kufundisha jiografia, alikua anafikiria ni kama miezi mitatu tu arudi, na riadha alikua haijui, hakuwahi kua mkimbiaji wala kocha. Alimkuta Mwingereza anaitwa Peter Foster ndio anashughulikia timu, ndugu ya yule Brendan Foster mkimbiaji, akawa anamsaidia, Foster alipoondoka timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Hakua na vitabu vya kozi, alikua anaangalia wanafunzi wenyewe wanakimbia vipi anajifunza kutoka kwao. Akaja kua prinsipo, akastaafu, na Iten hakuondoka.

Sasa hesabu hii ifanye mwenyewe. Kipketer alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, akaishia 1:41.11. Ikakaa mpaka 2010 David Rudisha akaivunja Berlin, kisha London 2012 akaipeleka 1:40.91 akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho. Tangu 1997 mpaka leo hio rekodi imekua ya watu wawili tu, na wote wawili wamepita kwa mkono wa mwalimu mmoja wa jiografia. Ukinionyesha shule nyingine duniani yenye kitu kama hicho nitakupa raba bure, chagua saizi.

Lakini hapo ndio kuna utamu, kwa sababu Rudisha si wa St. Patrick's! Yeye alisoma Kimuron, shule ingine kule kule Iten, kijana wa Kilgoris, babake Daniel alikua na medali ya fedha ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, ya Mexico 1968. Ni Japheth Kimutai alimwona akamwambia Brother hebu muangalie huyu. Na Kipketer naye alihamia Denmark, medali zake za dunia 1995, 1997 na 1999 zote zimeandikwa Denmark, Atlanta 1996 hata hakukimbia kwa sababu uraia wa huko ulikua bado na Kenya haikumwachilia. Serikali inaweza kununa hapo ikitaka. Shule haikununa, ilimpandia mti. Alikula ugali wa pale, alilala bweni la pale, basi ni wao. Mimi naona shule ina haki kuliko nchi kwa hii mambo, na wanaobishana kwa bendera wabishane.

Swali linanibaki ni la wasichana. St. Patrick's ni ya wavulana, lakini kuanzia 1989 Brother alianza kambi za likizo na akaleta wasichana. Lydia Cheromei alitoka kwa hizo kambi, 1991 akaenda Antwerp mbio za nyika za dunia akashinda wale wa chini ya miaka 20 akiwa na miaka 13. Kumi na tatu, umri wa kutumwa dukani. Janeth Jepkosgei naye, bingwa wa dunia wa 800 pale Osaka 2007. Hawa hawakuvaa sweta ya shule ile siku hata moja. Je, mti wao upandwe wapi? Kama ni mimi ningewapandia pale pale walipotokea jasho, lakini najua mzee mmoja wa bodi angesimama aulize kama walilipa karo.

Huku kwetu kuenzi tunakujua kwa njia mbili. Moja ni airport, maziwa ya mursik kwa kibuyu, wimbo, picha na waheshimiwa ambao hawakujua jina lako wiki iliyopita. Ingine ni matanga. Katikati hapo miaka thelathini hakuna mtu anakupigia simu. Ndio maana nimependa mti, mti hauwezi kupanda halafu ukasahau, usipoutilia maji mwaka wa kwanza kila mtu anaona umekufa na aibu ni yako. Kikombe hakikauki.

Basi shule yetu ifanye nini. Mwalimu wetu wa gemsi, simtaji jina hajaniruhusu, alikua anatutoa bwenini saa kumi na moja, anakimbia na sisi kwa suruali ya kazi na viatu vya ngozi kwa sababu raba alikua nayo pea moja na alikua amempa kijana wa fomu tatu aliyekua anaenda nashino, mashindano ya kitaifa, pekupeku. Kijana akamaliza wa nne, hakuna kikombe cha nambari nne. Mwalimu alistaafu siku ya kufunga muhula, nilisikia walimpa blanketi na soda, tangazo lenyewe likasomwa paredi katikati ya habari ya karo na habari ya waliovunja dirisha la maabara.

Kwa hivyo mwezi uliopita nimeanzisha grupu ya WhatsApp ya wale tuliokimbia. Tuko 41. Wiki ya kwanza ilikua vita tu, mmoja anataka sanamu (ya nani? kwa pesa gani?), mmoja anataka uwanja upewe jina, mwingine anatuma tu maombi ya asubuhi na picha za maua. Mwishowe tukakubaliana miti, wa kwanza uwe wa Mwalimu, awepo mwenyewe aushike, tusingoje matanga, na wa pili uwe wa yule wa nambari nne. Prinsipo wa sasa ni mtu wa busara, amesema sawa, na kabati pia atalisogeza nje ya daini kama tutanunua kufuli.

Nikampigia Mwalimu Jumapili kumpa habari. Anafuga ng'ombe sasa, nilimpata anakamua. Nikasema Mwalimu, shikamoo, tunataka kukupandia mti shuleni, unataka mti gani, saiprasi ama grevilea? Akanyamaza kidogo nikasikia maziwa yanagonga ndoo. Akauliza, "Watoto watakua wanapita hapo wakitoka mazoezi?" Nikasema ndio Mwalimu. Akasema wekeni avokado basi, na iwe hass, hizo za kienyeji zinachukua muda kuzaa.