Wikendi ya derbi Lubumbashi: mama, usitume hizo pesa kwanza

Mama, usitume hizo pesa za safari ya kwenda kuona derbi ya Mazembe na Lupopo, timu mbili za Lubumbashi. Kama avansi, yaani malipo ya mwanzo, imeshatoka, acha kusoma hapa, mpigie huyo bwana sasa hivi, mwambie mtoto ameugua, mwambie shemeji amehamishwa kazi, mwambie lolote. Ukimaliza, rudi tuongee.

Swali lako nimelisoma mpaka kwenye ule mstari unaosema: "Kuna papa mmoja wa komite ya masapota anatupangia forfe (kila kitu kwa bei moja) ya dola 80 kila mtu, basi, vyumba na tikiti za tribini ndani, ila anataka tulipe zote mwezi mmoja kabla." Hapo nikaweka simu chini, nikanywa maji. Unatoka Kolwezi, una watoto wawili na shemeji yako, unataka wakaone Mazembe na Lupopo, walale Lubumbashi usiku mbili, wale vizuri, wapate jezi za kweli, na Jumamosi wasikae bure. Na watu hapa juu kwenye majibu wameshaanza kukutajia hoteli. Hoteli! Mimi pia niliuliza, mimi pia nilitajiwa hoteli, tena yenye maji ya moto. Kuhusu tarehe hakuna aliyefungua mdomo.

Sisi tulikuwa kikundi cha kazini, hukohuko Kolwezi. Pesa zilitoka kwenye likelemba, mchango wetu wa kupokezana, na zamu ile ilikuwa ya baba mmoja aliyekubali kutusubirisha kwa ajili ya mpira. Huyo baba mpaka leo akiniona kantini anahamisha sahani yake. Bwana wa forfe aliingia kwenye kundi letu la WhatsApp na picha moja, amesimama kando ya basi la wachezaji, mkono kiunoni. Picha hiyo ndiyo ilikuwa diploma yake. Akatuma kalenda ya ligi, derbi imezungushiwa wino mwekundu, Jumapili saa tisa na nusu. Na sikiliza vizuri, mama, kwa sababu hapa ndipo utakapoingia na wewe: ile kalenda ilikuwa ya kweli. Hakughushi kitu. Alichotudanganya ni kwamba siku ikishaandikwa kwenye kalenda, basi mechi itachezwa siku hiyo.

Tulifika Jumamosi jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Barabara unaijua, sitakusimulia malori ya shaba. Jumapili tukavaa: wa Mazembe nyeusi na nyeupe, wa Lupopo njano na buluu, mmoja wetu amejipaka chokaa nusu ya uso kama kunguru aliyeanza kuzeeka. Tukashuka Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe, kabla ya saa sita ili tuwahi viti.

Sasa, anayejua Kamalondo siku ya mechi anajua. Hupiti. Ni filimbi, ngoma, fanfara, akina mama na makaa ya michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma), vijana wa kuuza bendera, polisi wanaosukuma watu ambao hawasukumiki. Siku ile tulisikia viatu vyetu wenyewe. Mtoto mmoja alikuwa anaendesha rimu ya baiskeli kwa kijiti katikati ya barabara, hakuna gari la kumsumbua. Getini mlinzi amevua kiatu kimoja, anatoa changarawe. Nikamuuliza mageti yanafunguliwa saa ngapi. Akaangalia jezi zetu, akaangalia chokaa, akasema kwa huruma kabisa: "Balisha kuisogeza, papa. Ni Jumatano." Yaani mechi walishaisogeza.

Jumatano! Jumatatu asubuhi sisi tulitakiwa kazini. Mama mmoja muuza kikanda, kile chakula cha kukatwa vipande, alicheka mpaka akaweka kisu chini, halafu akatukatia kila mtu kipande bila kulipisha. Ndicho kitu pekee cha bure tulichopata kwenye safari ile yote. Mnakumbuka Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipowatoa Internacional wa Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya dunia ya klabu, kipa Kidiaba anaruka kwa makalio uwanja mzima? Mimi nilikaa kwa makalio hayohayo kwenye ukingo wa mtaro wa Kamalondo, ila sikuruka.

Komunike, lile tangazo rasmi la kusogeza mechi, ilikuwa imetoka Ijumaa usiku. Ijumaa! Sisi tulipanda basi Jumamosi alfajiri. Maana yake yule bwana alikuwa anajua, akatuhesabu mlangoni mmoja mmoja, akatutakia safari njema. Nilipompigia akanijibu kwa Kifaransa cha mahakamani, "fosi mazhere, papa, fosi mazhere," yaani jambo lililo nje ya uwezo wake. Basi lilikuwa limeshatembea, kwa hiyo pesa ya basi hairudi. Vyumba vimeshalaliwa, hairudi. Tikiti "bado ni nzuri, Jumatano mtaingia nazo." Na kweli, zilikuwa nzuri! Ninayo yangu mpaka leo, nzuri kabisa, haijachanwa. Derbi nilisikiliza redioni Kolwezi, na redio yenyewe ikakatika dakika ya sabini na kitu. Namba ya papa forfe ukipiga siku hizi unaambiwa haipatikani. Nasikia ameingia kwenye biashara ya viwanja vya nyumba. Mungu awasaidie wanunuzi.

Sasa fundisho, na hili ndilo ningeomba ulishike hata ukisahau mengine yote: kabla ya kuangalia kalenda ya ligi, angalia kalenda ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Ya ligi inalala chini ya ile.

Inakwenda hivi. Timu ya Lubumbashi ikiwa inacheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika au Kombe la Shirikisho, mechi zake za huko mara nyingi zinawekwa wikendi, Ijumaa mpaka Jumapili. Ikienda kucheza Afrika ya Kaskazini haiondoki uwanja wa ndege wa Luano asubuhi na kurudi jioni. Inabadilisha ndege njiani, inafika siku kadhaa kabla, inacheza, inarudi katikati ya wiki na miguu mizito. Hapo mechi ya ligi iliyokuwa imeandikwa Jumapili inayofuata, au Jumapili iliyotangulia, inasukumwa. Inasukumwa wapi? Jumatano. Mara nyingi katikati ya wiki, kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Wewe mwenye watoto wa shule Jumatano utaifanyia nini?

Na usidhani ni Mazembe peke yake. Lupopo nayo imekuwa ikicheza Afrika miaka hii, kwa hiyo derbi ina milango miwili ya kusogezwa. Kwa misimu ya karibuni duru za mwanzo zinaanza Agosti na Septemba, makundi yanashika kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa mwaka, robo fainali zinafika kuelekea Aprili. Ongeza siku za timu ya taifa. Ongeza adhabu, maana mashabiki wakirusha viti mechi moja, mechi inayofuata inaweza kuchezwa milango imefungwa, bila mtazamaji hata mmoja. Hapo utakuwa Lubumbashi, siku ni yenyewe, timu ziko uwanjani, na wewe uko nje ya ukuta unasikiliza kocha anavyofoka.

Kwa hiyo kalenda ya ligi isomwe kama mahindi yaliyo shambani: usiyaweke kwenye sahani bado. Unangoja komunike ya wiki ya mechi yenyewe, ile yenye uwanja na saa. Ikitoka, ndiyo unafungua mkoba. Watu watakuambia vyumba vitaisha. Havitaisha, mama. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili, hauwezi kukosa vitanda vinne. Watakuambia tikiti zitaisha. Tikiti za ligi zinauzwa siku zilezile za mwisho na hata pale getini. Anayekuuzia mwezi mmoja kabla, jiulize amezichapa wapi.

Na kama wewe si mtu wa kungoja, nitakupa siri ambayo ingeniokoa mimi: acha derbi. Ndiyo, nimesema. Wapelekee watoto mechi ya Afrika inayochezwa nyumbani. Ile tarehe yake imewekwa na CAF, mpinzani ametoka mbali na ndege zake zimeshalipwa, waamuzi wametoka nchi nyingine. Haisogezwi hivihivi kwa sababu ya mtu kuchoka. Na wanaokuja si watoto wa jana. Aprili 2019 Simba ya Dar es Salaam ilishuka hapo robo fainali ikitoka sare ya 0-0 kwao, ikapigwa 4-1. Aprili 2024 Al Ahly walikuja nusu fainali, wakaondoka na 0-0, halafu wakatumalizia Cairo 3-0, tusiongee. Desemba 2024 Yanga nao wakaja, 1-1. Watanzania walioko humu ndani wanakumbuka, msianze. Hizo zote zilichezwa siku ya wikendi, mtu wa Kolwezi anaenda na kurudi bila kumwongopea bosi. Uwanja wenyewe wa Mazembe, uliofunguliwa 2011, unaingiza watu kama 18,000 tu, kwa hiyo mtoto anaona uso wa mchezaji. Kibassa Maliba, uwanja mwingine wa mjini, ni mkubwa zaidi, kama 35,000, lakini kule mtoto mfupi ataona migongo. Halafu kwenye mechi ya Afrika hata wa Lupopo wengine wanalainika, ingawa hawatakubali mbele ya watu. Timu zote mbili zilizaliwa 1939, wamekuwa majirani muda mrefu mno kuweza kupendana hadharani.

Ee, Jumamosi. Wapeleke zoo, iko mjini, watoto wanaipenda. Jumba la makumbusho pia lipo kwa siku ya mvua. Wakitaka picha, bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na ule mlima mweusi wa takataka za shaba vinaonekana bila kulipa mtu, na hapo unawaambia watoto babu zao walifanya kazi gani. Chakula: jioni tafuteni michopo na bukari (ugali), watoto wapewe kinywaji cha munkoyo, shemeji atajua mwenyewe cha kunywa.

Kitu kimoja kuhusu watoto uwanjani, nacho si utani. Unasema mmoja ni wa Mazembe, mwingine wa Lupopo. Vizuri nyumbani. Uwanjani wavae shati la kawaida wote wawili, mkae karibu na njia ya kutokea, na mtoke dakika kumi kabla ya kipenga cha mwisho, hata kama ni 0-0, hata kama kuna penalti. Mei 2014 kwenye uwanja wa Tata Raphaël kule Kinshasa, Vita Club na Mazembe, vurugu zilianza, polisi wakarusha gesi, watu wakakanyagana, 15 wakafa. Bao la dakika ya 90 mtaliangalia kwenye simu.

Kuna mmoja hapa juu ameandika kwamba huyo papa wa komite ni mtu mwaminifu, anamjua tangu zamani, wanasali pamoja. Sawa. Hata wangu alikuwa anasali, alifungua kundi kila asubuhi kwa mstari wa Biblia. Mpeni mtihani mdogo: mwambieni mtalipa siku mbili kabla ya mechi, komunike ikiwa mkononi, na kila kitu kwa mwenyewe, basi kwa mwenye basi, chumba kwa mwenye chumba, tikiti kwenye dirisha la tikiti. Mwaminifu atalalamika kidogo kisha atakubali. Akianza kusema nafasi zinaisha leo usiku, mmeshapata jibu na hamjatoa hata falanga moja.

Mama, andika hapa tarehe aliyokupa. Tarehe tu, jina lake silihitaji. Nitaangalia timu zetu ziko wapi Afrika wiki ile na wiki inayofuata, nikujibu leoleo kabla hujalala.