Jibu: Nyumba ya urithi Mikindani, nivunje kwa kijiko au niivue kwanza?

Mkuu, umeuliza kama umkabidhi mwenye kijiko (ule mtambo wa kuchimba na kubomoa) nyumba ya marehemu babu aisawazishe kwa siku moja, au uivue kwanza kwa mikono, yaani kutoa kimoja kimoja vinavyofaa kutumika tena. Ivue. Kazi hii naifanya Mtwara na Lindi, na hiyo bei uliyotajiwa naielewa: ni ndogo kwa sababu mali yako anaondoka nayo. Milango, bati, mbao za kenchi zinazobeba paa, grili, vyote vinapanda gari lake pamoja na kifusi. Mwambie kila kitu kinabaki kwako, halafu muulize bei upya.

Anza na umeme. TANESCO waje wakate kwenye nguzo, kuzima swichi haitoshi. Maji vilevile. Kisha taa, soketi, waya, sinki, dari. Halafu madirisha na milango pamoja na fremu zake. Paa liwe la mwisho. Zile boriti za mikoko zilizopita ukutani usiziguse mpaka mhandisi aone, maana ukuta mzee huwa unazitegemea.

Kama paa si bati bali ni yale mashiti ya kijivu ya asbesto, simama hapo hapo. Vumbi lake huua mapafu polepole. Hayasagwi, hayakatwi kwa msumeno, wala hayauzwi kwa jirani wa banda la kuku. Waulize OSHA (usalama kazini) na NEMC (mazingira) kabla fundi hajapanda.

Mlango wa nakshi nao usikimbilie kuuza, hata akija mtu na dola. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Nenda kwanza Idara ya Mambo ya Kale.

Sasa kuta. Umesema sehemu ya mbele ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hapo una mali: chokaa humwachia fundi jiwe zima akiligonga kwa tindo, na mawe hayo yanarudi kwenye msingi wako mpya. Chumba cha uani cha tofali za saruji ni habari nyingine. Tofali hupasuka kabla saruji haijaachia, kwa hiyo hicho mwachie kijiko, kifusi ukishindilie chini ya sakafu.

Fundi mlipe kwa siku, na umwongeze kitu kwa kila fremu inayotoka nzima. Ukimpa kazi kwa mkupuo, ataingiza mtalimbo panapotaka bisibisi. Mbao zing'olewe misumari siku hiyo hiyo, zipangwe kivulini juu ya matofali, la sivyo mchwa watakushukuru.

Fanya yote Juni mpaka Agosti, mvua hakuna na vijana hawajaingia kwenye mavuno ya korosho. Kuuza usiharakishe. Subiri malipo ya korosho yaanze kutoka, kila kijiji kinajenga, na bati na milango iliyotumika haikai. Kibali cha kubomoa anza kukifuatilia manispaa sasa hivi.