Kazi za miaka 15 hazionekani mtandaoni, tuzo nitaiombaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasanifu tovuti na programu za simu tangu 2009, kwa hoteli, wenye maduka na vyama vya msingi vya korosho. Natamani kushindania tuzo za kimataifa, lakini kazi zangu nyingi za zamani hazifunguki tena. Nianzie wapi?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Anza na ushahidi, fomu itafuata. Tovuti iliyokufa kwa sababu mteja hakulipia jina la tovuti (domain), au fundi mwingine kaifumua, itafute Wayback Machine, ghala la Internet Archive linalohifadhi nakala za kurasa za zamani. Weka anwani ya zamani, chagua mwaka, bofya siku yenye alama. Ukurasa ukija bila picha usikate tamaa: picha na maandishi mara nyingi hunaswa siku tofauti, basi jaribu tarehe za jirani. Ukiupata mzima, piga picha ya skrini anwani ikionekana. Zile tarakimu 14 zilizomo kwenye anwani hiyo, mfano 20130914081522, ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Ongeza saa tatu upate saa za kwetu. Huo ndio ushahidi wako wa tarehe.

Kazi za Flash, teknolojia ya zamani ya michoro inayotembea kwenye tovuti, ni kesi nyingine, maana wenye nayo, Adobe, waliacha kuihudumia 31 Desemba 2020. Tafuta faili la .swf, yaani la Flash, kwenye diski zako, lifungue kwa Ruffle, programu ya bure, kisha rekodi skrini. Zilizoandikwa kwa ActionScript 3, toleo la mwisho la lugha ya Flash, husumbua zaidi.

Sasa chuja. Wakongwe hupenda kupeleka kazi thelathini; tatu zinatosha. Usiandike "nilishiriki". Andika "nilichora skrini 14 na kuandika CSS (msimbo wa mwonekano) yake", kisha taja kilichobadilika kwa mteja. Kama huna namba, usibuni.

Tuzo ya heshima ya maisha kwa kawaida haiombwi kwa fomu. Waandaaji huchagua wenyewe. Wewe shindana na kazi mpya iliyo hewani. Awwwards, tuzo za kimataifa za tovuti, kwa mfano, hugawa alama hivi: dizaini 40%, urahisi wa kutumia 30%, ubunifu 20%, maudhui 10%. Kwa hiyo tovuti ya hoteli inayopendeza macho, halafu fomu ya kuweka chumba inakwama kwenye simu, imeshajichomea. Picha ya ufukwe ya MB 4 ishushe hadi upana wa pikseli 1600, uihifadhi kama WebP, muundo wa picha nyepesi. Mara nyingi itashuka chini ya KB 300. Ada za kushiriki kwa kawaida hazirudishwi, hivyo jaribu kila kitu kwenye simu ya bei ndogo kabla ya kulipa.

Skrini za vyama vya msingi zina majina ya wakulima, kilo na namba za akaunti. Usizifiche kwa ukungu, maana wakati mwingine husomeka. Jaza data za mfano, rekodi upya, na uwe na kibali cha chama kwa maandishi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.